Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu Mtwara: korosho iliyochelewa kufika chini

Kwa mnaosimamia elimu ya sekondari Mkoa wa Mtwara. Nakala kwa watunga mihutasari na watunga mitihani, Dar es Salaam.

Yah: Ombi la kuruhusiwa kuchelewa

Shikamooni wakubwa zangu. Kwa wale wenye umri wa wanangu ambao mmeshanipita kwa vyeo, marahaba.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya kata upande wa Mikindani. Nimeshika chaki miaka kumi na saba. Mwezi Julai mwaka huu, saa nne na nusu asubuhi, mgeni wa ukaguzi alifika shuleni kwetu. Sitasema alitoka ofisi gani, maana sikukaa kuandika ili nimseme mtu. Alikuta darasa la Kidato cha Pili B tupu. Ubaoni palikuwa na maneno mawili tu: "Kipi kitatangulia?" Wanafunzi arobaini na saba na mwalimu wao walikuwa nyuma ya nyumba ya mlinzi, chini ya mnazi, wanapiga kelele kama wako uwanja wa Nangwanda siku ya mechi.

Aliandika kwamba niko nyuma ya azimio la kazi, ile ratiba ya mada, kwa wiki mbili, na kwamba wanafunzi walikuwa nje bila sababu ya kitaaluma. Nikatakiwa kujieleza kwa maandishi. Nilijieleza kwa mistari minne, nikaomba radhi, nikasaini. Karatasi ile haikuwa na uongo, ila haikuwa na habari yenyewe. Naomba niieleze leo.

Tulikuwa tunaanza mada ya vitu vinavyoanguka. Njia niliyofundishwa nayo, na ambayo nimewafundishia wengine kwa miaka mingi, ni fupi: unaandika ubaoni kwamba vitu vyote, vizito kwa vyepesi, huanguka kwa mchapuko uleule, mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Unashusha fomula tatu, mifano miwili, zoezi la nyumbani. Vipindi viwili vimetosha, unatia tiki kwenye shajara ya somo. Wanafunzi wananakili kwa mwandiko mzuri. Ukiwauliza njiani jioni, watakwambia jiwe kubwa huanguka haraka kuliko dogo, kama walivyoamini kabla hawajakuona.

Safari hii nilianza na swali. Nilishika dafu mkono wa kulia na korosho mkono wa kushoto, korosho ghafi yenye ganda lake. Vikiachiwa pamoja kutoka juu ya mnazi, kipi kitatangulia kufika chini? Kila mmoja aandike jibu na sababu kwenye daftari, asinakili kwa jirani, jibu halina maksi. Arobaini na moja waliandika dafu. Wanne waliandika "vitafika pamoja". Hao wamepita tuisheni. Wawili waliandika korosho, na mmoja wao alitoa sababu ambayo bado naipenda: kitu chepesi hakina uvivu.

Darasani nina kijana ambaye baba yake ni mkwezi. Alipanda huku tukihesabu, mita kama kumi, akaketi kwenye makuti kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Mimi nilikuwa nimemwaga mstari wa majivu hatua ishirini kutoka shinani, asivuke mtu. Akaachia.

Dafu lilipiga mchanga: puu! Halafu, baada ya muda wa kupepesa jicho, korosho: ti.

"Tulisema!" Hizo ndizo kelele alizozisikia mgeni wetu.

Wakubwa zangu, nilitokwa na jasho. Nilikuwa nimepanga kuwaaibisha arobaini na moja, na mnazi ukaniaibisha mimi. Nikamwambia kijana arudie, labda hakuachia kwa pamoja. Akarudia. Dafu likatangulia. Arudie tena. Dafu. Mara ya nne nilipofungua mdomo nikajishtukia: nilikuwa narudia jaribio mpaka linipe jibu nililokwisha kuliandika kwenye andalio la somo.

Hapo nilimkumbuka Erasto Mpemba. Wote mnamjua kwa jina, yule mwanafunzi wa Magamba, kule Tanga, ambaye mwaka 1963 aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friji ukiwa bado wa moto na ukaganda kabla ya ule wa wenzake uliokuwa umepozwa. Alipouliza darasani aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na wenzake wakafanya jina lake kuwa utani. Lakini kipande ninachokipenda mimi ni cha baadaye, ambacho hakisimuliwi sana. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alisikia swali la Mpemba, akarudi chuoni na kumwomba fundi wa maabara alijaribu. Fundi akaleta taarifa: kweli, ya moto imeganda kwanza. Kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Mpemba na Osborne waliliandika jambo hilo mwaka 1969, na wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo. Mimi, chini ya mnazi, nilikuwa yule fundi.

Basi nikanyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kazi zote za ualimu. Mdomo wa mwalimu haukuumbwa kwa ajili hiyo. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, tujaribu kutoka chini kidogo." Tuna mnara wa tangi la maji, una urefu wa mita tatu. Akapanda mwenyewe, akaachia. Safari hii masikio yote yalisikia mlio mmoja. Akarudia. Mlio mmoja.

Sasa lilikuwa tatizo la kweli. Kutoka juu sana dafu linatangulia, kutoka karibu vinafika pamoja. Wale arobaini na moja wakakosa raha, na wale wanne wa tuisheni wakakosa raha zaidi. Kama uzito ndio unaovuta haraka, mbona mita tatu hazionyeshi? Na kama uzito hauhusiki, mbona mita kumi zinaonyesha? Mmoja akasema korosho inachoka njiani. Mwingine akasema upepo unaipeleka pembeni, wakaenda kupima ilipoangukia. Walibishana kwa Kiswahili, na kule nyuma kwa Kimakonde. Kengele ikalia, wakaingia somo la uraia wakiwa bado wanabishana, jambo ambalo mwenzangu wa uraia hajanisamehe.

Kesho yake jibu lilitoka kwa msichana ambaye tangu Januari hakuwahi kunyoosha mkono kwenye kipindi changu. Alisimama akasema: "Ni kama kupepeta mpunga. Hewa inakamata makapi, mchele unapita." Kimya. Halafu akafanya kwa mikono, ungo usioonekana, unapanda na kushuka. Darasa zima limekulia kwenye nyua zenye nyungo. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Mchele na makapi vinavutwa na dunia ileile, ila hewa inavizuia kwa kiasi tofauti, na kizuizi kinakua kadiri kitu kinavyoongeza kasi. Ndiyo maana kwenye mita tatu hakisikiki: korosho haijapata mbio za kutosha. Nikawapa karatasi mbili sawa, moja wakaifinyanga, moja wakaiacha wazi, uzito uleule, wakaziachia. Kisha kijana wa mkwezi akauliza swali ambalo nilikuwa nimelisubiri siku mbili bila kulitamka: na mahali pasipo hewa kabisa je?

Ndipo nilipowasimulia habari ya mwaka 1971, David Scott wa Apollo 15 akiwa juu ya mwezi, nyundo mkono mmoja, unyoya wa ndege aina ya kozi mkono wa pili, anaachia vyote, vinatua pamoja. Niliwahi kuisimulia habari hiyo kwa madarasa mengine miaka ya nyuma na waliipokea kama hadithi ya sungura. Hawa waliguna. Mmoja alipiga meza. Fomula tuliiandika wiki iliyofuata, wao wenyewe wakiwa wameidai, na iliingia kama kitu kinachopata mahali pake.

Hizo ndizo wiki mbili nilizochelewa.

Najua mtasema: mwalimu, una bahati ya darasa lenye mkwezi. Nawaomba mtazame upande wa pili pia. Mwaka 1985 Ibrahim Halloun na David Hestenes, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona huko Marekani, walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi maswali mepesi kuhusu mwendo na kani, maswali ya maneno yasiyo na hesabu, kabla na baada ya kozi. Imani za mwanzo hazikutikisika sana, hata kwa waliofaulu mitihani ya kukokotoa. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, alisoma kazi hiyo akaona haiwezi kuwahusu wanafunzi wake. Akawapa maswali ya namna hiyo. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu vipi: kama alivyofundishwa, au kama yeye mwenyewe anavyofikiri? Swali hilo lilibadilisha ufundishaji wa Mazur. Mimi lilinikosesha usingizi, kwa sababu watoto wangu hawajawahi hata kuniuliza. Wanajua tayari kwamba ya kufikiria yanabaki nyumbani.

Mwaka 1998 Richard Hake, mwanafizikia wa Marekani, alikusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 katika kozi 62 za sekondari na vyuo. Alipima sehemu gani ya kile ambacho wanafunzi hawakukijua mwanzoni walikuwa wamekielewa mwishoni. Kozi ambazo mwalimu alihutubia tu zilipata wastani wa 0.23. Kozi ambazo wanafunzi walitabiri, wakabishana, wakajaribu na kupewa majibu papo hapo zilipata 0.48. Na hao 0.23, nadhani, hawakukosa maabara, umeme wa uhakika, wala vitabu. Kwa hiyo tunaposema tatizo la fizikia kusini ni uhaba wa vifaa, tunasema kweli lakini hatujamaliza.

Mwaka jana nilifanya jambo dogo. Niliwaita vijana sita wa Kidato cha Nne, wale tunaowategemea kwa A na B. Nikampa kila mmoja betri moja ya tochi, balbu moja ndogo ya tochi, na kipande kimoja cha waya. Washa. Watu hao wanaweza kukokotoa saketi yenye vikinzani vitano huku wamefumba jicho moja. Wanne kati ya sita walishindwa. Walishikiza waya kwenye ncha ya betri, ncha ya pili kwenye kitako cha balbu, wakangoja, kama mtu anayengoja maji ya bomba. Hakuna kati ya wanne hao aliyekuwa amewahi kuambiwa waziwazi, wala kugundua, kwamba umeme unahitaji njia ya kurudi, na kwamba balbu ina sehemu mbili za kugusa, kitako na ubavu. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili ambaye hufanya vibarua kwa fundi redio alikuwa akipita. Akawasha kwa sekunde nne, akaenda zake. Kijana huyo kwenye mtihani wangu wa muhula alikuwa amepata F. Mtihani niliutunga mimi.

Kuna jambo jingine ambalo sisi walimu tunalijua na hatuliandiki kwenye taarifa. Linaitwa kupika data. Katika jaribio la timazi inayobembea, mwanafunzi anapima urefu wa uzi, anahesabu mibembeo ishirini, anapata muda, anakokotoa g, ule mchapuko wa kuanguka. Anajua jibu ni 9.8. Basi anapima mara moja, mengine anayapika kwa kurudi nyuma kutoka kwenye jibu, na grafu inanyooka kama reli. Muhula uliopita kijana alipata 8.9 akaifuta haraka kabla sijamfikia. Nikamwomba airudishe. Tukapima pamoja. Jiwe lake lilikuwa kubwa kama ngumi, na yeye alipima urefu wa uzi mpaka pale jiwe lilipofungwa, sentimita 45 na nusu. Nikamuuliza: jiwe zima liko kwenye fundo? Akalitazama. Akashika rula, akaongeza mpaka katikati ya jiwe, ikawa 50. Akakokotoa upya. Alipoona 9.8 inakuja yenyewe alitazama huku na huku kama mtu aliyeokota pesa. Ile 8.9 aliyotaka kuifuta ndiyo iliyokuwa na somo. Ni ngapi nimezipa alama zote bila kuzitazama mara ya pili? Sitaki kuhesabu.

Sasa juu ya lugha, na hapa natembea kwa tahadhari. Najua mtihani ni wa Kiingereza, na simwombi mtu abadilishe sera kwa barua yangu. Ila tazameni yule msichana wa ungo. Shuleni kwetu kuna kibao cha kuhimiza Kiingereza, na anayekamatwa akiongea Kiswahili hufagia. Kama ningeisimamia sheria hiyo asubuhi ile, asingesimama. Wazo lilikuja kwa lugha lilimoishi, kisha tukatumia dakika kumi kulivalisha Kiingereza kwa ajili ya mtihani, sentensi mbili, na wote walizikumbuka kwa sababu walijua zinasema nini. Kiswahili nacho kina mitego yake. Mpira ukisimama uwanjani tunasema umeishiwa nguvu, kana kwamba ulibeba nguvu tumboni kama petroli kwenye tangi. Neno "nguvu" moja linabeba kani, nishati na ubabe. "Uzito" unabeba vitu viwili ambavyo mtihani unavitenganisha, wingi wa kitu chenyewe na mvuto wa dunia juu yake, na ule wingi nikiuita "tungamo" wanadhani ni ugonjwa. Lakini mtego ukiwa kwenye lugha yao naweza kuuona na kuuliza: nguvu ya nani? imetoka wapi? imekwenda wapi? Ukifichwa chini ya Kiingereza cha kukariri siuoni kabisa. Na tusijilaumu kupita kiasi: watoto wa Arizona nao walidhani kitu kinachosogea lazima kibebe kani ndani yake, na hawajui neno hata moja la Kiswahili.

Naomba nisieleweke kwamba mwalimu akae pembeni, watoto wagundue kila kitu. Semina tulizokwenda zimeliharibu jambo hili kidogo. Tangu mtaala wa 2005 maandalio yetu yamejaa "kushirikisha", na huu ulioboreshwa unalisema kwa sauti kubwa zaidi. Matokeo yake ni vikundi vya watu wanane wakizunguka bango kitita, mmoja anaandika, saba wanapiga soga, mwalimu anasahihisha madaftari ya darasa lingine. Hilo halina kuongoza ndani yake. Hakuna mtoto atakayegundua kwamba kipimo cha kani kinaitwa nyutoni. Hilo unamwambia, ndani ya nusu dakika, mnaendelea. Kazi yangu ni kuchagua swali, kujua wataangukia shimo lipi, na kuwa na jaribio la pili mfukoni wakiangukia lingine. Siku ya mnazi sikuwa na la pili. Binti ndiye aliyenipa.

Wala siwafichi gharama. Mwaka jana niliacha mada mbili, nikazikimbiza kwenye kambi ya usiku kwa kuhutubia, vilevile kama zamani, na nimeona aibu. Darasa la themanini, na yapo mkoani kwetu, ni gumu kuliko la arobaini na saba. Na si kila mwalimu wa kujitolea tuliye naye ana ujasiri wa kusema "sijui, tujaribu" mbele ya watoto.

Ninachoomba kiko ndani ya uwezo wenu, na kingine hakina gharama hata ya soda.

Moku, ule mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne, inatungwa humuhumu mkoani. Wekeni humo maswali matatu tu yasiyo na namba, ya kutabiri na kueleza. Kwa mfano: mashua iliyopakia magunia ya chumvi imetoka ghuba ya Mikindani, ikaingia kwenye maji yasiyo na chumvi ya Mto Ruvuma. Mzigo ni uleule. Itazama zaidi, itainuka, au itabaki palepale? Eleza. Mtoto wa nahodha amesikia jambo hili nyumbani. Mtoto aliyekariri kanuni ya Archimedes anapaswa kuweza kulitoa humo, kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa karibu gramu 1,025 na ya mtoni 1,000. Ninyi mnajua kuliko mimi kwamba kinachoingia kwenye moku leo, kesho kinafundishwa katika kila shule kuanzia Mtambaswala hadi Msimbati. Semina kumi hazifanyi hivyo.

Wanaokuja kukagua, wakishatazama shajara, wachague watoto watatu bila kumuuliza mwalimu. Wawape betri, balbu na waya. Au wawaulize, kwa lugha yoyote, kwa nini mpira unasimama. Wakae wasikilize. Taarifa ya ukaguzi ikiwa na ukurasa mmoja wa walichosema watoto, mwalimu ataisoma mara mbili. Hizi za sasa, mtanisamehe, tunasoma hitimisho tu.

Na azimio la kazi mlilegeze kwenye mada chache ambazo ndizo nguzo: mwendo, kuelea, saketi, mwanga. Mtu akichelewa hapo aulizwe kwanza alikuwa anafanya nini, ndipo aandikiwe. Mengine tutakimbia, kuna mada za kukimbia, na kila mwalimu anazijua.

La mwisho ni mwaliko. Mwezi Februari, karibu tarehe 21, jua hupita utosini kabisa hapa kwetu. Tulisimamisha fimbo ya mita moja kwenye uwanja wa bendera, tukainyoosha kwa timazi ya fundi mwashi, tukasubiri kivuli kiishe. Darasa zima lilikuwa limeandika kitaisha saa sita kamili mchana. Saa sita ikafika, kivuli kipo, kimelala upande wa magharibi. Wakadhani simu yangu mbovu, wakaenda kuangalia saa ya ofisini. Kivuli kiliisha saa 6:33. Wiki nzima walibishana, mpaka mmoja akakumbuka jiografia: saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na sisi tuko kama 40, nyuzi moja ni dakika nne. Hizo ni karibu dakika ishirini. Zilizobaki kumi na tatu hakuna aliyezipatia maelezo, na mimi sijasema kitu.

Jua litapita utosini tena karibu tarehe 20 Oktoba. Njooni. Viti vya plastiki vipo, na mabibo yatakuwa yameanza. Kabla hamjafika, kila mmoja aandike kwenye karatasi kivuli kitaisha saa ngapi, kwa dakika, na aweke sahihi. Watoto wameshaandika, wote arobaini na saba: 6:33. Jibu langu nimelikokotoa, limo kwenye bahasha iliyofungwa katika droo ya mkuu wa shule. Mkiwakuta wanabishana, tafadhali msiwasaidie.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa fizikia, shule ya kata, Mtwara